UGONJWA MMOJA AU MIWILI?
Maneno ya Kamati ya Mfuko wa Jamii siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



Tumepewa nafasi tuseme juu ya mfuko wa jamii. Hesabu mmeshasomewa na mweka hazina, hatutazirudia. Tumeona afadhali tuseme juu ya ule ugomvi. Mnaujua: ule uliotukalisha mpaka saa mbili usiku, na wengine wakaondoka bila kuagana.

Kwa faida ya wageni wetu, katiba tuliyoiandika mwaka 2015 ilisema mwanachama akiugua mfuko utamsaidia mara moja kwa ugonjwa mmoja. Wakati ule tulikuwa tunafikiria malaria kali, kujifungua kwa upasuaji, au mtu kuvunjika mguu. Halafu mwenzetu wa Bunda akakutwa na kansa ya titi. Mfuko ukatoa nauli na fedha ya kujikimu Mwanza, maana sisi wa Mara kwa maradhi haya rufaa yetu huwa ni Bugando. Akafanyiwa upasuaji, akaanza dripu za dawa, zile za kila baada ya wiki tatu.

Baada ya dripu ya pili akashikwa na kiu isiyokatika. Anakunywa maji, anakwenda haja ndogo usiku kucha, macho yanaona ukungu. Yeye alidhani kansa imesambaa. Wifi yake alidhani mengine, ambayo mnaweza kuyabuni. Akaenda kituo kimoja asubuhi kabla ya kula, akapimwa sukari, ikasoma 6.3, akaambiwa hana shida kubwa, arudi nyumbani. Siku mbili baadaye akazidiwa mchana, akapimwa kwingine, mashine ikasoma 19.

Ndipo akatuandikia barua ya kuomba msaada wa mashine ya kupimia na dawa za sukari. Kamati ikagawanyika. Baadhi yetu tulisema huu ni ugonjwa uleule, na mtu ameshapewa. Wengine tukasema ni wa pili, lakini alikuwa nao zamani akauficha wakati wa kujiunga. Yakasemwa na mengine juu ya soda na maandazi yake ambayo hatutayaandika hapa.

Tukubali jambo moja. Kansa kwetu ina huruma. Tangu Mwalimu alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa kansa ya damu, akarudishwa kuzikwa Butiama, hakuna mtu wa huku anayesema kansa ni ya mzembe. Kisukari hakina huruma hiyo. Mtu akisema ana kisukari tunamtazama kiuno.

Aliyetutoa gizani ni mwanachama wetu muuguzi mstaafu. Alituuliza swali dogo tu: kabla ya dripu, mama huyu alichomwa sindano gani? Hakuna aliyejua. Akatueleza hivi, nasi tunawapa kama tulivyopewa.

Sukari ya damu ndiyo chakula cha mwili. Inatoka katika ugali, muhogo, viazi, ndizi, na hata usipokula, ini lako linaitoa katika akiba yake. Ili itoke kwenye damu iingie mwilini kufanya kazi, inahitaji insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho. Mfikirieni mshika funguo wa sanduku letu. Fedha imo, tunaiona, lakini asipofika, au akafika kufuli likagoma, tunakaa na njaa mbele ya fedha.

Sasa, mama anayepewa dripu za kansa mara nyingi hupewa kwanza dawa ya kuzuia kutapika, na nyingine za kuzuia mwili usiikatae dripu. Inayotumika sana kwa kazi zote mbili ni deksamethazoni. Ni dawa nzuri, msitoke hapa mkasema tumeiita sumu. Lakini inalifanya ini limwage sukari, na inaufanya mwili usiitii insulini. Ndiyo kufuli kugoma. Kwa wengi sukari hupanda kwa siku chache kisha ikarudi. Kwa mama ambaye tayari alikuwa ukingoni, labda kwa umri, uzito, au wazazi wenye kisukari, inaweza kupanda isirudi yote.

Na kupanda kwenyewe kuna saa zake. Mtu akipewa deksamethazoni asubuhi, sukari hupanda zaidi mchana na jioni. Asubuhi kabla ya kula inaweza kuonekana njema kabisa. Kwa hiyo yule aliyempima mwenzetu hakuwa na nia mbaya. Alipima saa ambayo watu wote hupima. Anayepewa dawa hizi apimwe pia mchana, baada ya kula.

Namba ni hizi, kwa hesabu ya mashine zinazotumika kwetu. Kabla ya kula chochote, 7.0 na kuendelea, ikirudiwa siku nyingine ikawa vilevile, ni kisukari. Saa yoyote, 11.1 na kuendelea pamoja na kiu na kukojoa sana, ni kisukari, usingoje kesho. Chini ya 4 ni hatari ya upande wa pili, na huo upande wa pili karibu utunyang'anye mtu.

Mwenzetu wa Butiama alikuwa na kisukari miaka mingi kabla ya kansa, akimeza glibenklamaidi. Alikuwa ameshikishwa adabu kwamba vidonge haviachwi hata siku moja. Baada ya dripu akatapika, hakula siku mbili, lakini vidonge akameza, maana ndivyo alivyofundishwa. Glibenklamaidi inakamua insulini hata kama tumboni hakuna kitu. Mjukuu wake wa darasa la tano alimkuta chini jikoni, ametota jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mtoto yule aliwahi kusikia muuguzi wetu akisema hapa mkutanoni, akakimbia dukani akaleta soda yenye sukari, akamnywesha kidogo kidogo kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza. Bibi akarudi. Wale wote wanaomkaripia mtoto asikae karibu na mikutano ya wakubwa, hilo lilikuwa neno lenu. (Ila aliyezimia kabisa msimnyweshe kitu, atapaliwa, mkimbizeni hospitali.) Mgonjwa wa namna hii aulize kabla ya dripu: nikitapika, vidonge vya sukari nifanyeje? Hata metformini yaweza kusimamishwa kwa muda mtu akitapika sana akaishiwa maji. Lakini ni daktari anayesimamisha, siyo jirani.

Tunafika mahali pagumu. Mwenzetu wa tatu, wa hapa Musoma, hayupo leo. Alikuwa na kansa ya titi, kisukari hakuwa nacho. Akasikia kwamba sukari ndiyo inayolisha kansa, kwa hiyo ukiinyima kansa sukari inakufa. Akaacha ugali, akaacha viazi, akaacha matunda na uji, akawa anakunywa majani ya kuchemsha. Alikonda mpaka pete ikamtoka. Mara mbili alifika kwa dripu akarudishwa kwa sababu damu ilikuwa chini. Hatusemi njaa ndiyo iliyomwua. Uvimbe wake ulichelewa kujulikana. Tunasema alikwenda vitani bila nguvu. Na habari ile ya sukari aliipata kwetu. Ni ujumbe tuliotumiana katika simu, sisi tuliomo humu, tukaweka na alama za mikono ya kuomba.

Ukweli ni kwamba kila sehemu ya mwili inatumia sukari, siyo kansa peke yake, na usipoila ini litaitengeneza. Hakuna ushahidi kwamba kujinyima chakula kunaiua kansa ya titi. Punguza soda na chai ya vijiko vinne, hiyo ni sawa kwa kila mtu. Lakini mgonjwa ale: ugali wa kiasi, mboga nyingi, dagaa, sato, maharage, maziwa. Na wale wanaosema ugali wa mtama au wa dona hauna sukari, unayo. Tofauti ni kidogo, kilicho kikubwa ni ukubwa wa bonge.

Vivyo hivyo na hii ya kununua metformini dukani ili kutibu kansa. Ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 3,600 wenye kansa ya titi wasio na kisukari, katika utafiti ulioongozwa kutoka Canada. Majibu yakatolewa mwaka 2022, haikuwasaidia. Mwenye kisukari aendelee nayo kama alivyoandikiwa.

Mengine kwa haraka. Sukari ikikaa juu, kidonda cha upasuaji kinachelewa kupona na vijidudu vinapata nafasi, wakati dripu zimeshapunguza askari wa mwili. Homa katikati ya dripu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kisukari huleta ganzi ya miguu, na baadhi ya dawa za kansa nazo huleta ganzi, kwa hiyo akina mama msiende shambani peku. Na ninyi wenye kisukari cha ukubwani, kansa ya titi huwapata kidogo zaidi kuliko wenzenu. Ukigusa kivimbe, au chuchu ikaingia ndani, usisubiri mavuno.

Turudi kwenye barua. Muuguzi alipomaliza, mwenyekiti aliuliza tena: ugonjwa mmoja au miwili? Bibi mmoja wa Butiama akasema swali lenyewe ni bovu; aliyeugua ni mtu mmoja. Tukapiga kura, katiba ikabadilishwa. Sasa yanayoletwa na ugonjwa au na tiba yake yanahesabiwa pamoja, na kamati inatazama mahitaji, haitazami mara ngapi.

Fedha ya mwenzetu wa Bunda tulimpa, lakini miezi minne baadaye. Miezi hiyo minne alikuwa anapanda daladala kwenda kupimwa, siku nyingine akikosa nauli anakaa bila kujua. Dripu alizimaliza zote. Sukari imeshuka, haikurudi yote. Anameza metformini asubuhi na jioni. Ameketi pale, mstari wa tatu, na ametukataza kumtaja jina. Tulipomwomba radhi alisaini daftari, akahesabu noti mbele yetu, akarudisha kiasi akasema kinunue stripu za atakayefuata.

Mashine mbili zipo: moja Musoma kwa katibu, nyingine Bunda kwake yeye mwenyewe, kwa hiari yake. Ya Butiama bado tunachangia, na daftari la majina liko mlangoni. Stripu hazikopeshwi kama hisa, ukiishiwa sema. Leo muuguzi wetu atapima watu nje chini ya mwembe, baada ya chakula, siyo kabla, na sasa mnajua kwa nini.