Undugu Chomboni Usifute Hesabu



Yakitajwa marupurupu ya kazi, wengi wetu hufikiria ofisi: posho ya safari, gari la kazini, bima ya afya. Leo nakuomba tuvuke twende Kojani, kisiwa cha wavuvi upande wa mashariki wa Pemba, tutazame marupurupu yaliyozitangulia ofisi zote hizo.

Chombo kikifika diko, pale kinaposhusha samaki, kabla dalali hajapaza sauti, hutengwa kwanza samaki wa kitoweo. Kila baharia anapata fungu lake, vibua kadhaa wa kupeleka nyumbani. Hao hawanadiwi wala hawahesabiwi. Waliobaki wakishauzwa, hutolewa gharama za mafuta na chakula, kisha hugawanywa: fungu la chombo na nyavu, na fungu la mabaharia.

Tena Wakojani ni watu wa dago. Hufuata samaki kwa misimu ya kaskazi na kusi, wakafika Unguja, Tanga, hata pwani ya Kenya, na kupiga kambi ufukweni kwa wiki au miezi. Huko hula sufuria moja na kulala ubavu kwa ubavu. Mara nyingi tajiri mwenye chombo ni ami, nahodha ni kaka, na baharia mdogo ni mtoto wa shangazi. Mke aliyebaki nyumbani akiishiwa unga, hubisha hodi kwa tajiri. Mtoto akiumwa usiku, nauli ya kuvuka kwenda hospitali hutoka mfuko huohuo.

Mimi utaratibu huu nauheshimu. Umewalea watu ambao hakuna benki ambayo ingewakopesha hata shilingi. Lakini una upande wake mzito, nao tuuseme.

Kijana anarudi dago, anakaa kungojea haki yake. Anaambiwa unga umekatwa, nauli imekatwa, na ile fedha aliyotumiwa mama yake nayo imekatwa. Kiasi gani? Lini? Hakuna palipoandikwa. Akiuliza, anaonekana hana adabu. Kumdai mwajiri ni jambo la kawaida; kumdai ami ni ugomvi utakaofika mpaka harusini na matangani. Basi ananyamaza. Siku ya mapumziko akiitwa kushona nyavu, anakwenda kama mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba halipwi. Akiumia baharini, matibabu yake yanategemea huruma ya tajiri. Akifa, mjane hupewa sadaka mahali ambapo pengine alistahili haki.

Anayeumia si baharia peke yake. Tajiri naye hubeba mzigo wa familia nyingi, na msimu ukiwa mbaya hulaumiwa na wote, bila hata karatasi moja ya kumtetea.

Dawa yake si kuvunja undugu. Ni kuandika. Mkataba namba 188 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2007, unataka mvuvi awe na makubaliano ya maandishi, na kama analipwa kwa mgao, yaeleze mgao huo unavyopigwa. Na kwetu sisi agizo la kuandika lilikuja zamani zaidi: aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Aya hiyo haikuwatoa ndugu. Wazee wetu nao wakatwambia, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo nawaomba matajiri na manahodha wa Kojani, na kamati za wavuvi ziwasimamie: kabla ya dago lijalo, nunueni daftari. Andikeni gharama, andikeni mgao, andikeni kila kilichopelekwa nyumbani kwa baharia, naye aone na atie saini. Kubalianeni mapema nani atamtibu atakayeumia. Nanyi mabaharia, kila msimu wekeni kidogo katika mpango wa hiari wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ili uzee usiwakute mikono mitupu.

Kitoweo kiendelee kutolewa kwa moyo mkunjufu. Ila kitoweo ni hisani, na mgao ni haki. Anayempenda ndugu yake ampe vyote viwili.