Mficha Uchi Hazai: Deni Langu na Maisha ya Ugenini

(Hotuba ya mwanachama mwenzetu anayeishi Marekani, aliyoisoma kwenye sherehe ya chama kutimiza miaka 10, Mbagala, mwaka 2024)

  

 Kamati iliniomba nizungumze juu ya familia inavyoanza maisha mapya nchi za nje. Najua wengi mmekuja kusikia habari za theluji na maghorofa. Theluji nitaitaja, msiwe na wasiwasi. (Vicheko) Lakini chama hiki kina desturi yake: kabla ya mazungumzo yoyote, mhasibu anasoma kitabu kwa sauti, kila mtu asikie hisa zake na deni lake. Basi leo na mimi nasoma kitabu changu.

Mwaka 2014 tulipoanza mnanikumbuka. Nilikuwa nauza chai na vitumbua karibu na kituo cha Rangi Tatu, baba watoto akiwa fundi umeme wa mtaani. Tulikaa kwenye mikeka chini ya mwembe, katikati sanduku la kufuli tatu, na funguo zake kwa watu watatu. Hisa moja ilikuwa shilingi 2,000. Ziko wiki nilinunua hisa tano, na ziko wiki nilinunua moja na kuinamisha kichwa.

Mwishoni mwa mwaka 2015 mume wangu alijaza ile bahati nasibu ya Marekani ya kupata ukaazi. Serikali yao ilikuwa haitozi hata senti kwa kujaza fomu, lakini kuna kijana alimtoza shilingi 20,000, naye akalipa kwa kutojua. Mwezi Mei 2016 jina likatoka. Jamani, kutoka kwa jina si kupata safari. Ada ya viza ilikuwa dola 330 kwa kila kichwa, nasi tulikuwa vichwa vitano: dola 1,650, zaidi ya shilingi milioni 3 na nusu kwa wakati ule. Hapo bado vipimo vya afya, bado nauli. Tuliuza friji, tukauza pikipiki, ndugu wakachanga. Palipopungua, nilikuja kwenu.

Hisa zangu zilikuwa zimefika shilingi 600,000. Kanuni yetu ni mkopo usizidi mara tatu ya hisa, kwa hiyo niliomba 1,800,000, na riba yake 180,000. Kikao kile kilikuwa kigumu. Mmoja wenu aliuliza waziwazi, "Mtu anapanda ndege na fedha zetu, tutamfuata wapi?" Lilikuwa swali la haki. Wakasimama wanachama wawili kunidhamini, mama mmoja muuza samaki na dada mmoja fundi cherehani. Wakasema, "Tunamjua." Kwa neno hilo moja nikapewa fedha. Septemba 2017 tukaondoka.

Tulifikia mji wa Columbus, jimbo la Ohio, kwa Mtanzania mwenzetu aliyetuweka sebuleni kwake wiki tano. Baadaye tukapanga vyumba viwili upande wa kaskazini wa mji, sehemu iitwayo Northland. Huko Wasomali ni wengi. Columbus na Minneapolis ni miongoni mwa miji ya Marekani yenye Wasomali wengi kabisa. Mtu wa kwanza kuniamkia kwa Kiswahili dukani alikuwa mama wa Kikongo. Nililia mbele ya mchele. (Vicheko)

Watoto walipokelewa shule bila ada, kwa kuonyesha kadi za chanjo na uthibitisho wa mahali tunapokaa. Kule mtoto hupangiwa darasa kwa umri. Binti yangu mkubwa, miaka 14, akaingia sekondari wakati Kiingereza chake kilikuwa cha kuunga kwa gundi. Lakini ndani ya miezi mitatu yeye ndiye alikuwa msomaji wa barua zote za nyumbani: za umeme, za shule, za bima. Mjue hilo, kina mama. Ugenini mtoto hujua siri ya mfuko wa mzazi kabla ya majirani.

Baba watoto cheti chake cha ufundi hakikumpa kazi ya umeme. Akapata kazi ya kupanga maboksi ghalani, dola 13 kwa saa. Mtu aliyezoea kuitwa fundi, sasa anaitwa kwa namba. Alikuwa akirudi usiku anakaa kwenye ngazi za nje na baridi ile, hataki watoto wamwone uso.

Sasa nifungue ukurasa wenyewe. Picha zangu za theluji mliziona. Lile koti jekundu mlilolisifu sana lilikuwa la kuazima. Mama mkwe alipouliza, nilimwambia tuna nyumba kubwa. Wifi yangu aliomba mtaji, nikaahidi. Na nyie nilikuwa nimeacha kuwajibu. Oktoba ilipita, Novemba ikapita. Desemba 2017 mkavunja mzunguko na kugawana, mimi kimya. Mkashika hisa zangu, hazikutosha. Mkashika na za wadhamini wangu wawili, kama katiba inavyosema.

Mama yangu muuza samaki alikuwa amepanga fedha ile iezeke chumba chake cha nyuma. Haikuezeka. Masika ya 2018 mnayakumbuka, ile Aprili ya mafuriko hapa Dar es Salaam. Alihamisha godoro na wajukuu akawabana kwenye chumba kimoja. Mimi nilikuwa nimelala pakavu.

Habari hiyo sikuipata kutoka kwake. Yeye alinitumia sauti fupi kwenye simu: "Mwanangu, kimya chako kinanitisha. Uko mzima?" Basi. Deni hakulitaja. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni, akasikia. Akaniuliza, "Mama, kwa nini unamwambia bibi tuna nyumba kubwa? Na huyu kwa nini humwambii kitu?" Sikuwa na jibu.

Usiku ule mimi na mume wangu tulichukua daftari la mtoto, tukaandika kama mhasibu wetu anavyoandika. Mapato ya wiki nne baada ya makato: dola 1,800. Kodi ya nyumba 850. Chakula 450. Gari na bima yake 400, maana ghala liko mbali na basi halifiki kwa saa za zamu. Umeme na gesi ya kupasha nyumba joto 160. Simu 80. Jumla 1,940. Tulikuwa pungufu dola 140 kabla hatujagusa deni lenu, na kabla ya senti moja ya mama mkwe. Tulidhani hatuna akili ya matumizi, kumbe ni hesabu tu ilikuwa haijakaa.

Jumamosi moja ya Mei 2018, saa 10 jioni ya huku, kwetu ikiwa saa 3 asubuhi, nilimwomba Katibu aweke simu juu ya sanduku. Nikasoma daftari lile kwenu, mstari kwa mstari, hadi zile 140. Nikaomba radhi kwa wadhamini. Nilisikia kimya, nikasikia daladala likipita, halafu sauti ya mtu ikasema, "Endelea, tunasikiliza." Mkanipangia upya: 330,000 kwa mwezi, miezi sita, kuanzia Juni. Na faini juu. Faini nashukuru mlinitoza. Mngenisamehe ningebaki na aibu. Kwa kunitoza mlinihesabu bado ni mwanachama.

Kusoma kitabu hakukuleta fedha, lakini kulituondolea kujificha. Nilipoacha kujifanya mama mwenye nafasi, niliweza kuuliza watu, "Kazi ipi naweza kuanza sasa hivi?" Mama yule wa Kikongo akanielekeza mafunzo ya kuhudumia wazee kwenye nyumba zao za kulelea. Ni saa 75 za masomo, halafu mtihani wa jimbo. Nikaingia zamu ya usiku, baba zamu ya mchana, ili mtoto mdogo asikose mtu. Kuogesha mzee si aibu. Aibu nilishaimaliza kwenye simu ile. Novemba 2018 nilimaliza 1,980,000 yote, wadhamini wakarudishiwa hisa zao.

Kuna jambo moja lilinishangaza. Benki za kule hutazama historia yako ya madeni. Mgeni hana historia, hata kama kwao hajawahi kudaiwa kibiriti. Mimi niliyeambiwa hapa "tunamjua", kule nilikuwa sijulikani kabisa. Ndipo jirani wa Kisomali akaniambia wao wana hagbad, na Mhabeshi wa ghorofa ya juu akasema wao wana ekubu. Nikacheka, nikawaambia, "Kwetu ni mchezo, na sisi wa Mbagala tuna sanduku kabisa!" Tukakaa wanane, kila mmoja dola 100 kwa mwezi. Zamu yangu ya kwanza, dola 800, ndiyo iliyotengeneza gari.

Nyumbani nako nilisoma kitabu kilekile. Mama mkwe alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe na nyie mnapanga?" (Vicheko) Tangu siku hiyo tunatuma kiasi kimoja kila mwezi, kila mtu anakijua, na tunatuma kwa mara moja, kwa sababu kutuma vijisenti mara nne ni kulipa ada mara nne. Mataifa yenyewe yalikubaliana mwaka 2015 kwamba ifikapo 2030 ada ya kutuma fedha kutoka kwa wahamiaji iwe chini ya asilimia 3. Sisi tusisubiri 2030, tupunguze safari za fedha. Wifi yangu hakufurahi kukosa mtaji. Lakini hanidai ahadi tena, na tunaongea.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mlipoandika katiba upya kwa ajili ya usajili, mliweka kifungu cha mwanachama anayesafiri. Najua kwa utani mnakiita "kifungu cha Marekani", na najua Marekani mwenyewe ni nani. (Vicheko) Naomba niongeze mapendekezo mawili. Kwanza, anayesafiri na deni asiulizwe fedha tu. Aulizwe hali yake kila mwezi, hata asipokuwa na kitu cha kutuma. Pili, kila nyumba yenye mtu nje isome hesabu pamoja angalau mara moja kwa mwaka, wa kule aseme anachobakiwa nacho, na wa hapa aseme alichotumiwa kimekwenda wapi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Na mficha hesabu vilevile.

Binti yangu sasa ana miaka 21. Mdogo wake wa mwisho Kiswahili kinampiga chenga, lakini "hisa" na "faini" anavijua vizuri. Mume wangu alirudi shule ya umeme, na kwenye ngazi za nje hakai tena.

Usiku wa jana nililala kwa mama yangu muuza samaki, kwenye chumba cha nyuma. Bati lipo. Mvua ilinyesha kidogo alfajiri, tukaisikiliza wote wawili.

Mama, mbele ya chama: nisamehe kwa masika yale.