Mombasa Hadi Kisumu kwa Ndege: Umbali na Saa



Wengi huuliza safari ya ndege kati ya Mombasa na Kisumu huchukua muda gani. Swali hili si la mchezo. Watu wengi wa nchi ya ziwa hufanya kazi pwani, na mara nyingi aulizaye ni mtu aliyeletewa habari ya msiba, naye ataka kujua kama atawahi mazishi.

Kwa mstari ulionyooka, viwanja hivyo viwili vimeachana kwa kilomita 695 hivi. Nairobi nayo karibu imekaa juu ya mstari huohuo: kutoka Mombasa hadi uwanja wa Jomo Kenyatta ni kilomita 420 na kidogo, na kutoka hapo hadi Kisumu ni 280. Jumla ni kama 700. Basi apitiaye Nairobi hapotezi njia. Apotezacho ni saa. Reli iliyofika ziwani mwaka 1901 ilikwenda zaidi ya kilomita 900, kwa sababu gari la moshi haliwezi kupanda mlima wima, bali hutafuta mteremko na kuuzunguka.

Ndege kubwa ya abiria, ikiwa juu, yaweza kwenda kilomita 800 kwa saa. Kwa hesabu ya darasani ingefika Kisumu kabla ya saa moja kwisha. Lakini kasi hiyo haipatikani njia nzima. Uwanja wa Mombasa uko karibu na usawa wa bahari, na ule wa Nairobi uko mita 1,600 na zaidi. Rubani hupanda, na akiisha kutulia huko juu, mara aanza kushuka. (Akaaye dirisha la kushoto, mbingu zikiwa safi, ataiona Kilimanjaro.) Tena muda ulioandikwa katika tikiti huhesabiwa tangu ndege ianze kujongea chini hata isimame, wala si ule wa hewani tu. Ndiyo sababu safari ya dakika 45 hewani huandikwa kama saa nzima. Nairobi hadi Kisumu huandikwa kama dakika 50, na ndege za mapanga huchelewa zaidi.

Sasa tuhesabu kama msafiri. Tuseme ndege yaondoka Mombasa saa moja asubuhi. Yakupasa uwe uwanjani mapema, nao uko bara: mtu wa kisiwani avuke Makupa, na mtu wa Likoni, akipitia feri, aihesabu nayo. Saa mbili uko Nairobi. Ikiwa ndege ya pili yaondoka saa nne, utashuka Kisumu karibu na saa tano. Barabara ya nyumbani bado. Kaburi likifunikwa saa nane, aendaye Bondo yamkini atafika. Ila ndege ya pili ikiwa ya alasiri, hatafika, hata angalikaa hewani muda uleule.

Kwa hiyo ukinunua tikiti uliza kwanza saa za kungoja Nairobi. Uliza pia jina la uwanja, kwa kuwa baadhi ya ndege za Kisumu huondokea Wilson, na kutoka Jomo Kenyatta hadi Wilson ni safari ya gari katika msongamano wa mji.