Haki Katika Kuwapanga Walimu



Kipimo cha Serikali ya Tanzania kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, watoto wamefurika madarasani, nao walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Hata hao wachache hawagawanywi sawasawa. Shule iliyo kando ya lami hutosheka. Ile ya mwisho wa barabara, mwalimu mmoja hubeba madarasa mawili au matatu.

Baadaye walimu wa sekondari wa masomo ya sanaa waliozidi ikama walihamishiwa shule za msingi. Hatua hiyo ilikuwa na mantiki, ingawa aliyezoea kufundisha historia kidato cha tatu hageuki mwalimu wa darasa la kwanza kwa kukabidhiwa barua.

Tusiwalaumu walimu upesi. Anayehamishwa bila fedha za uhamisho hufika kituoni na deni, wala nyumba haikuti. Haupiti muda mrefu kabla hajaanza kutafuta barua ya kurudi mjini, na mwenye ndugu ofisini huipata kwanza. Hapo ndipo ilipo dhuluma, na anayeilipia ni mtoto.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo waulizie ikama ya kila shule katani, na majibu yasomwe katika mkutano wa kijiji. Nyumba ya mwalimu tunaweza kuianza wenyewe kwa matofali yetu. Fedha za uhamisho ni deni la mwajiri. Tusikubali kuchangishwa ili kulilipa.