Mafuta Yavujayo Katika Mitambo

Jioni ya leo nataka kusema nanyi habari za mitambo iendeshwayo kwa nguvu ya mafuta yaliyobanwa, na namna ya kutambua ivujapo au iharibikapo. Pengine mtu wa Moa atasema, "Sisi ni wavuvi na wakulima, mitambo hiyo yatuhusu nini?" Lakini vijana wa pwani hii huenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge na bandarini Tanga, na huko watakutana nayo. Ni heri kuijua kabla ya kuishika.

Tuanze na jambo mlijualo. Jahazi likivuja, maji hukusanyika katika ngama. Je, ufa uko pale pale maji yalipokusanyika? La. Maji yaweza kuingia karibu na omo, yakafuata mbao mpaka katikati ya chombo. Nahodha mwenye akili haridhiki na kuyateka kwa upo. Huyafuata hadi aone mahali yaingiapo, kisha humwita fundi atie kalafati. Shikeni mfano huo, maana mtambo nao una desturi hiyo hiyo.

Mkonge uliletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Dr. Richard Hindorf. Miche 1,000 ilitumwa kutoka Florida, Marekani, na 62 tu ndiyo iliyosalia hai. Hiyo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Katani ikiisha kukaushwa na kupigwa brashi huwa nyepesi, nayo hujaza nafasi kubwa. Kwa hiyo hushindiliwa kwa mtambo mpaka iwe robota gumu lifaalo kupakiwa melini.

Nguvu ya kushindilia yatoka wapi? Pampu husukuma mafuta katika bomba jembamba mpaka ndani ya silinda pana, na mafuta hayakubali kubanwa kama hewa. Ukisukuma pistoni ndogo ya inchi mraba 1 kwa nguvu ya ratli 10, pistoni kubwa ya inchi mraba 200 itasukuma kwa nguvu ya ratli 2,000. Kanuni hiyo ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal, na mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akapata hati ya mtambo wa namna hiyo. Taabu yake ya kwanza ilikuwa kuvuja: maji yalipenya kando ya pistoni. Henry Maudslay, fundi kijana wa karakana yake, ndiye akumbukwaye kwa dawa yake, yaani pete ya ngozi iliyofinyangwa kama kikombe, ambayo kadiri maji yaisukumavyo ndivyo izidivyo kubana. Siku hizi pete hizo ni za mpira na vitu vingine, lakini kazi yake ni ile ile. Trekta, katapila, na mitambo ya kuinulia mizigo hutumia kanuni hiyo hiyo.

Sasa basi, kasoro hutambulikanaje? Kwanza, usafi. Mtambo uliojaa vumbi na mafuta makuukuu hausemi kitu. Ukiwa umezimwa, upanguse hata ukauke, kisha uendeshe kidogo na kutazama kwa mbali. Tone liangukalo chini laonyesha mahali lilipoangukia tu. Lifuate juu kwa macho mpaka mahali pa kwanza palipolowa.

Pili, tazama mafuta katika tangi. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakiwa na povu, pampu inavuta hewa, na mara nyingi ni katika bomba lake la kuvutia. Hapo pana ajabu: mafuta hayatoki nje, bali hewa huingia ndani. Fundi hupaka mafuta kwenye maungio ya bomba hilo, moja baada ya jingine. Mlio ukibadilika, amepata mahali penyewe.

Tatu, tega sikio. Pampu ingurumayo kama kokoto ndani ya debe inakosa mafuta ya kutosha. Pengine chujio limeziba au tangi limepungua.

Nne, kuna kuvuja kwa ndani, kusikoacha hata tone sakafuni. Mtambo ukiisha kushindilia, simamisha pampu na utazame geji. Mshale ukishuka upesi na nje ni pakavu, pete za pistoni zimelika au vali haifungi sawasawa.

Ndugu zangu, sasa nasema neno lililo kubwa kuliko yote. Usitafute kamwe mahali panapovuja kwa mkono! Nguvu ya ratli 100 kwa inchi mraba yaweza kutoboa ngozi, na mitambo mingi hufanya kazi kwa ratli 2,000 na zaidi. Tundu dogo kama la sindano hutoa uzi wa mafuta usioonekana kwa urahisi. Vaa miwani ya kazi, upitishe kipande cha ubao au karatasi ngumu ya kasha kando ya bomba. Mafuta yataacha alama hapo badala ya kuingia mwilini mwako.

Mwaka 1937 jarida la madaktari wa Marekani lilieleza jeraha la namna hii, lililotokana na mafuta ya injini ya dizeli. Jeraha lenyewe huonekana dogo kama la mwiba, na pengine haliumi sana mwanzoni. Lakini baada ya saa chache mkono huvimba, nyama huanza kufa, na kidole au mkono huweza kukatwa. Mtu huyo asikandwe, wala asingoje kupambazuke. Apelekwe hospitali saa ile ile. Kwa watu wa Moa hospitali kubwa ni ile ya Bombo, Tanga. Na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya mtambo yaliyopenya.

Kabla ya kutia spana, zima injini, shusha mzigo mpaka chini, na uondoe nguvu yote hata geji ionyeshe sifuri. Usikaze nati mtambo ukiwa na nguvu ndani, wala usiingie chini ya mzigo ulioshikwa na mafuta peke yake. Weka magogo imara kwanza.

Jahazi livujalo hutupa muda wa kuteka maji na kurudi pwani. Mtambo hautupi muda huo.