Uzito wa Kitenzi Chepesi: "Piga" katika Madarasa ya Bukoba na Muleba

Mwaka 1942, mwanaisimu wa Denmark Otto Jespersen, akichambua sarufi ya Kiingereza, aliviita "vyepesi" vitenzi ambavyo maana yake ya asili imefifia. Mwingereza hutembea, lakini pia "huchukua" matembezi. Hupumzika, lakini pia "huwa na" pumziko. Kitenzi hubakiwa na njeo na nafsi, ilhali nomino hubeba tendo lenyewe.

Kiswahili nacho kina vitenzi vya aina hiyo, kama vile tia, fanya na pata. Kinachotia fora ni piga. Katika stendi ya mabasi ya Bukoba, mpiga debe huita abiria bila kugusa debe lolote. Mpiga kura naye hamdhuru mtu. Kuwapo kwa nomino hizi ni dalili kwamba lugha yenyewe imekwisha kuunganisha kitenzi na nomino kuwa dhana moja.

Suala hili lina uzito shuleni. Watoto wengi wa Bukoba na Muleba huanza na Kihaya nyumbani. Mtoto akiambiwa kuwa piga ni okuteera, fasili hiyo itamtosha kuhusu ngoma; peke yake haitamweleza kwa nini anayepiga deki haichapi sakafu.

Tuseme anapewa sentensi "Mama amepiga pasi nguo" na kutakiwa ataje shamirisho. Akifuata kanuni kwamba shamirisho ni nomino inayofuata kitenzi, atajibu "pasi". Sarufi yenyewe inamkana: husemwa "Mama amezipiga pasi nguo" na "Nguo zimepigwa pasi". Kiambishi cha yambwa na upatanisho wa kauli ya kutendwa huelekea nguo. Pasi ni sehemu ya kiarifu.

Yawezekana kudai kwamba pasi ni ala tu, kama fimbo katika "Amempiga mtoto fimbo". Hoja hiyo ina nguvu, kwani huenda ndiyo njia iliyozaa miundo hii. Hata hivyo, "amempiga mtoto kwa fimbo" huihifadhi maana, ilhali "amezipiga nguo kwa pasi" humfanya mama aonekane amezichapa nguo.

Aidha, miundo hii hailingani. Picha, kwa kuwa ni zao la tendo, hupokea kivumishi na huweza kuwa kiima: "Picha nzuri imepigwa." Piga chuku, kwa upande mwingine, ni nahau kamili, kwani maana ya kutia chumvi haipatikani katika piga. Kuvirundika vyote chini ya kichwa "nahau" ni kuficha ngazi hizi.

Kihaya kinatoa tahadhari nyingine. Kama inavyodhihirika katika Haya Grammatical Structure, kitabu kilichohaririwa na Byarushengo, Duranti na Hyman mwaka 1977, kitenzi cha Kihaya huweza kubeba viambishi vya yambwa zaidi ya kimoja. Kiswahili huruhusu kimoja tu. Kwa hiyo, kigezo cha kiambishi, kinachofaa sana katika Kiswahili, hakiwezi kuhamishiwa Kihaya bila kupimwa upya.

Hivyo basi, mwanafunzi aliyejibu "pasi" hastahili kuhukumiwa kuwa hajui Kiswahili. Ameitumia kanuni aliyopewa, na kanuni ndiyo iliyopungua. Kazi ya mwalimu na ya mtunga kamusi ni kuonyesha piga pasi kama kitenzi kimoja chenye maneno mawili, kisha kumwachia mtoto apime mwenyewe ni kipi kinachopigwa.