Binti Akienda Kazini, Aende na Haki Yake



Miaka kumi tumeweka akiba, tumekopeshana, tumezikana. Leo tuseme la mabinti zetu wanaotoka hapa Sindeni kwenda Tanga na Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Wengine hurudi mikono mitupu, eti mshahara umetunzwa na tajiri.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inawahusu na wao. Aliye chini ya miaka 14 haajiriwi. Masharti ya kazi yaandikwe. Kila wiki apate siku ya kupumzika, na likizo siku 28 kwa mwaka. Chama cha CHODAWU kinawatetea.

Basi kabla binti hajapanda basi tuulize: atalala wapi, atalipwa shilingi ngapi, na atazipokea nani? Na sisi wenye wasichana majumbani tuwatendee hivyo hivyo.